Gari la Mkwe Linavuta Kushoto

Fundi Nyuzi alikuwa na tabia iliyowachekesha wateja wapya. Kabla hajaligusa gari, alichuchumaa mbele yake, hatua kumi hivi, mikono magotini, akalitazama usoni kama mzazi anayemtazama mtoto aliyetumwa dukani akachelewa kurudi. Anatikisa kichwa kidogo, au anatabasamu, ndipo anainuka kwenda kuchukua nyuzi zake.

Nyuzi zenyewe zilikuwa mbili, za nailoni, nyeupe enzi hizo, sasa rangi ya chai ya maziwa. Alizifunga kwenye vyuma vinne vya kusimama, akazinyoosha ubavuni mwa gari, huku moja na huku moja, usawa wa katikati ya tairi. Halafu anachukua rula ya chuma na kupima kutoka uzi mpaka ukingo wa mbele wa ringi, kisha mpaka ukingo wa nyuma. Milimita mbili tu zikizidi, tairi linakuwa linachungulia ndani au linachungulia nje, na gari linaanza kubishana na dereva wake. Kazi hiyo watu huiita alaimenti. Wengine wana mashine za taa na kompyuta. Yeye alikuwa na uzi, rula, pima maji na macho yake mawili, na huo ulikuwa mwaka wa thelathini na moja.

Nawaambia, macho hayo yalikuwa na jina. Kulikuwa na madereva waliokuja kutoka mbali, wakiwa tayari wamepita kwenye mashine, wakasema, "Fundi, hebu lichuchumalie na wewe, roho yangu itulie."

Ufundi huo alifundishwa na mjomba wake. Walianza na ringi za baiskeli zilizopinda, wakapanda mpaka kwenye malori. Mjomba alikuwa hodari kuliko yeye. Lakini uzeeni macho ya mjomba yalififia, taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta, na mwenyewe akawa wa mwisho kujua. Magari yalitoka mikononi mwake yakienda kombo. Wateja walimpenda mno wasiweze kumwambia. "Safi kabisa, mzee," walisema, wakamshika mkono, wakakunja kona, wakaingia kwa fundi mwingine kunyooshewa upya. Na waliorudi kumwambia ukweli waliusema nusu: "Labda ni barabara, mzee. Barabara zenyewe mbovu."

Fundi Nyuzi, kijana wakati huo, aliyaona yote, na yeye pia hakusema. Jambo hilo lilimkaa kifuani kama tonge lililokwama. Akajiapiza: siku macho yangu yakianza kuniacha, nitakunja nyuzi mwenyewe kabla watu hawajaanza kunionea huruma. Kwa hiyo miaka miwili mitatu hii, herufi ndogo zilipoanza kumchezea, hakumwambia mtu. Hata mkewe.

Sasa ndipo anapoingia mkwe.

Binti mkubwa wa Fundi Nyuzi ameolewa na mtoto wa mshonaji wa suti. Mshonaji huyo ni mtu mkubwa, na sisemi ukubwa wa cheo. Milango ya kawaida huipita kwa ubavu. Lakini suti zake zinamkaa kama alizaliwa nazo, viatu vinang'aa, na hasira yake kuu duniani ni nguo isiyomkaa mtu. Anaweza kuacha salamu katikati akakuvuta ukosi.

Siku moja alifika karakana na gari lake, gari dogo la kijivu, safi mpaka kwenye matundu ya ringi. Akasimama ubavuni mwake akionyesha juu ya tairi.

"Mkwe, iangalie hiyo nafasi. Kati ya tairi na bodi. Unaona nini?"

"Naona nafasi, mkwe."

"Mimi naona suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu! Nashonea watu suti tangu ujana wangu, halafu mwenyewe natembelea gari lenye suruali fupi? Nimeona lile la jirani yangu. Limekaa chini, limejaza. Nataka hivyo hivyo."

Alikuwa amekwisha kununua springi fupi, nne, nyekundu, ndani ya boksi. Fundi Nyuzi hakupenda sana mambo ya kushusha magari, lakini mkwe ni mkwe. Alizifunga springi siku nzima, akamwambia atembee wiki moja zikae sawa, kisha arudi apigiwe alaimenti. Maana gari likishashushwa, tairi huinama kwa juu na kubadili uelekeo. Lisiponyooshwa linakula tairi kama mbuzi anavyokula majani.

Mshonaji alirudi baada ya wiki, na Fundi Nyuzi akamfanyia mambo yote ambayo mkwe anastahili. Alimfungulia mlango wa gari mwenyewe. Akamkalisha kwenye kiti chenye mto, kivulini, akamletea soda baridi na kopo la kuwekea kizibo. Akalichukua gari, akalipima, akalinyoosha, akaenda nalo mpaka mzunguko wa barabara na kurudi. Safi. Akamsindikiza mpaka getini akipunga mkono, akimtazama usoni mpaka alipopotea.

Siku kumi na mbili baadaye, mshonaji akarudi.

Walisalimiana kwa urefu. Akauliza habari za nyumbani, za mguu wa mama mkwe, za mvua. Akanywa soda yake. Kisha akajifuta mdomo kwa leso.

"Kuna kajambo, mkwe. Kadogo. Wala si jambo."

"Sema tu."

"Linavuta kidogo kwenda kushoto. Kidogo sana. Labda ni barabara."

Labda ni barabara. Fundi Nyuzi alikuwa hajalisikia neno hilo tangu siku za mjomba.

Alinyoosha nyuzi, akapima. Sawa. Akapima tena toka nyuma kuja mbele. Sawa. Akaliendesha, akaachia usukani kwenye sehemu tambarare. Gari likaenda moja kwa moja kama limelishwa rula. Akarudi, akasema haoni kosa.

"Basi ni mimi," mshonaji akasema haraka. "Ni mikono yangu. Nimezoea kushoto, unajua mambo ya cherehani." Akaondoka akishukuru mno. Na kule kushukuru mno ndiko kulikomuumiza mwenzake.

Mara ya pili hakuja na maneno mengi, maana tairi lenyewe lilisema. Lile la mbele, upande wa dereva, lilikuwa limeliwa ukingo wa ndani, limekuwa laini kama kipara. Fundi Nyuzi alipitisha kiganja pale, akachukua nyuzi. Alipima mara tatu. Sawa, sawa, sawa. Aliendesha. Limenyooka. Alilipeleka tairi la mbele nyuma na la nyuma mbele ili kupoza mambo, akamwambia mkwe atazame siku chache.

Alipobaki peke yake alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nyuzi zinasema gari limenyooka. Tairi linasema halijanyooka. Tairi halisemi uongo. Uzi pia hausemi uongo. Anayesoma uzi ndiye aliyebaki.

Karakana ile alishirikiana na dada mmoja mchomeleaji wa mageti, mwenye ulimi mkali kuliko moto wake. Siku ile mchomeleaji alimkuta amechuchumaa mbele ya tairi, kiganja kimoja kimefunika jicho, anajaribu kusoma maandishi madogo yaliyochorwa ubavuni mwa mpira.

"Kaka, unalikonyeza tairi? Shemeji anajua?"

"Nasoma saizi. Maandishi yamefutika."

Mchomeleaji alinyanyua kioo chake cha kazi, akasoma kutoka aliposimama, herufi kwa herufi, mpaka mwaka tairi lilipotengenezwa.

"Hayajafutika," akasema. Kisha akaona uso wa mwenzake, akashusha kioo na kurudi kwenye geti lake bila kuongeza utani. Fundi Nyuzi angependa aongeze. Utani usingemwogopesha.

Nyumbani mkewe alikuwa mezani anachambua mchele kwenye sinia, simu imebanwa kati ya sikio na bega, anacheka mpaka mchele unaruka. Alipoikata akasema, "Alikuwa mke wa mshonaji. Eti lile gari lao likimbeba mshonaji peke yake linakwenda kombo, lakini yeye akikaa pembeni linanyooka. Amemwambia mumewe, hata gari linajua mwenye nyumba ni nani!"

Fundi Nyuzi alicheka, ha ha, mahali pa kucheka. Hakusikia hata neno. Masikio yake yalikuwa yamejaa sauti ya mjomba akiwashukuru wateja waliokuwa wakimdanganya.

"Una nini wewe?" mkewe akauliza.

"Uchovu."

"Uchovu gani wa kutia kijiko cha chumvi kwenye chai na kukoroga?"

Aliitazama chai yake. Akaimwaga, akatoka uani. Huko, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji, akaamua: gari likirudi mara ya tatu, nakunja nyuzi. Nitamwambia mkwe ukweli mbele ya watu, nitamwomba radhi, nitakaa nyumbani. Afadhali watu waseme alijua kuacha.

Gari likarudi Jumatano asubuhi, kwenye mvua.

Ilikuwa mvua ile inayopiga bati mpaka mtu hasikii anachosema. Mshonaji aliingia getini, akasimama katikati ya uwanja, nje ya paa, akashusha kioo kidogo. "Mkwe! Viatu hivi ni vya ngozi laini! Nivumilie nikae humu humu mpaka ipungue!"

Kwa hiyo mara hii hapakuwa na kufunguliwa mlango, wala kiti chenye mto, wala soda. Fundi Nyuzi alibaki amesimama na mwavuli, maneno ya kujiuzulu yamemjaa mdomoni, na mtu wa kuambiwa yuko nyuma ya kioo chenye ukungu. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alifanya alichokizoea. Alirudi hatua kumi, akachuchumaa chini ya mwavuli, akalitazama gari usoni.

Gari lilikuwa limeinama.

Alipepesa macho. Ni mvua hii, akasema moyoni. Ni macho haya. Lakini bado aliliona, bega lake la upande wa dereva limeshuka, kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Akatupa mwavuli. Akaenda na kuingiza vidole juu ya tairi upande wa abiria: viliingia viwili, raha mustarehe. Akazunguka upande wa dereva, akaingiza vidole hapo. Kiliingia kimoja, tena kwa kubanwa. Akarudia, maji yakimtiririka shingoni. Viwili. Kimoja. Vidole havina haja ya miwani, jamani, na vidole vilikuwa vinakubaliana na macho.

Aligonga kioo. "Mkwe, samahani sana, naomba ushuke."

"Viatu, mkwe!"

"Nitakubeba!"

Mshonaji alicheka, maana wazo lenyewe lilichekesha, akafungua mlango na kukimbilia chini ya bati akiruka madimbwi kwa wepesi ambao mtu asingemdhania. Na Fundi Nyuzi, aliyebaki amechuchumaa, aliliona gari likipumua. Lilipanda. Upande wa dereva ulijinyanyua polepole mpaka mabega yote mawili yakawa sawa, na tairi la dereva, lililokuwa limeinamia ndani kwa juu, likasimama wima.

Miezi miwili alikuwa akilipima gari tupu. Kila mara heshima ilimtoa mkwe garini kwanza na kumkalisha kivulini. Kila jaribio aliliendesha mwenyewe, yeye mwembamba kama ufagio. Na kila mara mkwe alipoondoka, alimpungia mkono akimtazama usoni, kama adabu inavyotaka, asitazame tairi.

Sasa ikabaki kulisema. Aliingia chini ya paa, maji yanamdondoka kidevuni, akajifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Mkwe... nyumbani mnakula vizuri?"

"Tunashukuru. Hatulali njaa."

"Yaani, vizuri... sana?"

Mshonaji alimtazama kwa jicho moja. "Mkwe, unaniuliza uzito?"

"Mungu apishe mbali! Mimi? Nauliza tu... kwa upande wa springi."

"Springi zinataka kujua nakula nini?"

Kule nyuma mashine ya mchomeleaji ilizimika ghafla. Alitaka kusikia vizuri.

"Kilo mia moja arobaini na mbili," mshonaji akasema, wala hakushusha sauti. "Bila viatu. Kiuno inchi hamsini na mbili, nimejipima mwenyewe, maana mafundi wangu wanaona aibu. Mkwe, mimi kutwa kucha napima matumbo ya watu! Mabwana harusi, mahakimu, wachungaji. Ungeniuliza siku ya kwanza!"

"Ningekuulizaje? Wewe ni mkwe wangu."

"Na mimi ningekuambiaje kwamba gari limenivuta mara mbili mpaka ukingoni mwa mtaro? Wewe ni mkwe wangu!"

Wakatazamana. Mchomeleaji ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mshonaji, tumbo lote likishiriki, na mwisho Fundi Nyuzi, ambaye alicheka akalazimika kushika nguzo.

Alipopata pumzi alieleza. Zamani gari lilipokuwa juu, mikono ya chuma inayoshika tairi kwa chini ilikuwa imelala sawa. Mtu mzito akikaa, tairi halijali sana. Sasa gari limeshushwa, mikono imekwisha panda kwa nje, na kila kidole cha uzito kinachoongezeka kinalivuta tairi kuinama. Upande mmoja ukiinama kuliko mwingine, gari linakimbilia upande wa pili.

"Ndiyo maana mke wangu akikaa linanyooka," mshonaji akasema. "Naye si haba, usimwambie nimesema."

"Nilishaambiwa habari hiyo. Sikuisikia."

"Basi, mkwe, ulikuwa unapima koti likiwa kwenye hanga. Mimi mteja namsimamisha, namwambia apumue kama kawaida, asivute tumbo. Nikae humo ndani?"

"Ukae. Na usivute tumbo."

Mvua ilipokatika walilisogeza gari kwenye sakafu ya saruji. Mshonaji alikaa kwenye kiti cha dereva, akatoa kwenye mfuko wake koti la mteja na boksi la vifungo, akavaa miwani, akaanza kushona vifungo kwa mkono. Fundi Nyuzi akanyoosha nyuzi zake. Akaweka pima maji kwenye ringi. Akalegeza boliti za juu, akalivuta tairi likasimama, akazikaza. Akageuza tairodi, fito ya chuma inayolielekeza tairi, robo mzunguko, akapima, akageuza tena. Saa mbili nzima walifanya hivyo, mmoja na sindano yake ndani, mwingine na spana yake chini.

"Mkwe, miwani hiyo unayo tangu lini?" sauti ikauliza kutoka chini ya gari.

"Miaka minane. Bila hii silioni tundu la sindano hata ukinitishia. Lakini mtu akiingia dukani bega lake moja limeshuka, namwona toka mlangoni. Kwa nini unauliza?"

Spana ikawekwa chini kwenye saruji.

"Nilidhani macho yangu yamekwisha," Fundi Nyuzi akasema. Halafu akamwambia yote: mjomba, wateja waliodanganya kwa upendo, maandishi ya tairi, kiapo. Ni rahisi kumwambia mtu usiyeonana naye uso kwa uso, hasa ukiwa umelala chali. Mshonaji alisikiliza bila kumkatiza, uzi ukiingia na kutoka.

"Lakini leo," alisema hatimaye, "uliona tofauti ya kidole kimoja. Kwenye mvua. Hatua kumi."

"Niliona," Fundi Nyuzi akasema. "Niliona kabla sijagusa."

Jaribio la mwisho aliendesha mshonaji mwenyewe, peke yake, Fundi Nyuzi akiwa amesimama kando ya barabara kwenye sehemu tambarare. Gari la kijivu lilitokea mbali, likaja, likampita, na dirishani mshonaji alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeamriwa kujisalimisha, anapiga kelele za furaha, na gari linakwenda moja kwa moja, haliulizi. Fundi Nyuzi hakumtazama usoni hata kidogo. Alitazama tairi. Yote mawili yalikuwa yamesimama kama walinzi.

Aliporudi nyumbani mchana ule hakusubiri hata kuvua viatu. Alimwambia mkewe kila kitu, amesimama mlangoni, na mkewe akamsikiliza huku ameshika kiuno.

"Umemaliza? Mwaka wa pili huu unaishika chupa ya dawa mbali kama inauma. Unadhani sioni? Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesema nakuonea huruma."

Na ni kweli angesema hivyo.

Ijumaa walikwenda pamoja kwa daktari wa macho. Fundi Nyuzi alikaa kwenye kiti kirefu, akasoma ubao wa mbali mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao daktari huwa hategemei mtu ausome. Ya karibu ndiyo ilimshinda. "Umri tu, mzee," daktari akasema. "Miwani ya kusomea, basi. Macho yako ya mbali ningeyataka mimi." Fundi Nyuzi akamwomba arudie kusema hivyo, mkewe asikie vizuri.

Njia nzima ya kurudi alisoma. Alisoma bango la duka la rangi, alisoma saa za kufungua posta, alisoma namba za magari yaliyoegeshwa upande wa pili wa barabara, alisoma tangazo la mtu aliyepoteza paka, pamoja na jina la paka.

"Nimekusikia, baba watoto," mkewe akasema. "Punguza sauti, watu wanageuka."

"Waache wageuke," akasema, akamshika mkono, na kwa sauti ile ile akaanza kumsomea kibao cha kinyozi kilichokuwa bado mbali kabisa, mwisho wa mtaa.